Kwa somo yangu, kuhusu nyumba ya Kiponda

Kiponda, Unguja

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, alhamdulillah, na tunamuomba Mungu na nyinyi huko Wete muwe wazima, na miguu ya bibi iwe imepata nafuu. Kifurushi cha karafuu kimefika. Mama anakushukuru sana, anasema za mwaka huu zina harufu kuliko za mwaka jana.

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mama. Umeniuliza kama kaka zako wakubaliane na yule bwana anayetaka kuikodi nyumba ya marehemu babu yenu kwa miaka ishirini, aigeuze vyumba vya watalii, na shangazi anayekaa humo ahamie Tomondo, nje ya mji. Umeniomba nisikufiche, basi sikufichi: nyumba nzima msimpe. Ikiwa hapana budi, mpeni ghorofa za juu. Chini abaki mtu wenu, na mlango mkuu ubaki mikononi mwenu. Wasomee kaka zako barua hii yote, kwa sababu najua watasema somo yako ana choyo.

Hesabu wanayoipiga naielewa. Mwaka 2010 wageni waliofika Zanzibar hawakutimia laki moja na nusu. Mwaka 2024 walipita laki saba na thelathini elfu. Sensa ya 2022 ilituhesabu sisi wenyewe karibu milioni moja na laki tisa, kwa hivyo kwa kila Wazanzibari watano huja wageni wawili kwa mwaka. Na namna ya kuja imebadilika. Zamani Mtaliana alishuka na ndege ya kukodi, akapelekwa Kiwengwa, akaota jua wiki nzima, na mjini akaja siku moja kununua picha za tingatinga. Wa sasa ameona picha kwenye simu yake kabla hajakata tiketi. Anataka kulala ndani ya nyumba ya kale, aamke kwa adhana, anywe chai juu ya paa, kesho yake aende kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, keshokutwa Pingwe kwenye ule mkahawa wa juu ya jiwe. Nakupenda siku za msimu huwezi kuijua, boti zimepangana ubavu kwa ubavu, na lile fungu la mchanga maji yakianza kujaa watu wanabanana kama wako darajani kwenye kivuko. Kila mmoja anatafuta pembe ambayo mwenziwe hataonekana kwenye picha yake.

Kwa hivyo yule bwana si mwongo akisema nyumba yenu italeta pesa. Itamletea.

Mimi nataka nikuelezee kichochoro chetu kilivyo sasa, maana wewe mara ya mwisho kukaa huku hasa tulikuwa bado skuli. Ukitoka msikitini kuja kwetu, kila mlango ulikuwa na mtoto, na kila baraza lilikuwa na mtu wa kumwamkia. Leo ukipita saa za jioni milango mingi imefungwa, na ile iliyo wazi ina kibao. Viyoyozi vinadondosha maji juu ya mabaraza, hakuna wa kukaa. Alfajiri unasikia magurudumu ya mabegi yanakokotwa juu ya mawe. Walimu na wauguzi waliokuwa wakipanga vyumba huku wamehamia Fuoni na Kisauni, wanakuja kazini kwa daladala, kwa sababu chumba kinacholipwa kwa usiku hakiwezi kushindana na mshahara unaolipwa kwa mwezi.

Mwaka jana wakati wa masika alifariki yule bi mkubwa aliyekuwa akituuzia ubuyu tukitoka chuo cha Kurani. Nilikuwepo nyumbani kwake tangu asubuhi. Wanawake wa kumuosha tulipatikana, wachache lakini tulipatikana. Ilipofika kupika, tukazitaka zile sufuria kubwa za mtaa, za hitima na harusi. Unakumbuka zilikuwa zikikaa wapi? Chini ya ngazi, nyumba ya pili kutoka kisimani. Nyumba ile ni hoteli sasa, na pale chini ya ngazi pana meza ya mapokezi yenye vikaratasi vya safari za kisiwa cha Changuu. Sufuria hakuna anayejua zilikwenda wapi. Tukaazima Kikwajuni, zikaletwa na kigari, adhuhuri imeshaingia. Na jeneza lilipotoka, somo yangu, wanaume wa mtaa hawakutosha. Zamani watu walikuwa wakisukumana kupata bega, jeneza linakwenda lenyewe juu ya mikono. Safari hii alitumwa mtoto mbio Darajani, vijana wa madukani wakaacha biashara zao wakaja, Mungu awalipe. Njiani wakakutana na kundi la wageni na kiongozi wao. Wale wageni walijibana ukutani, wakanyamaza, mmoja akavua kofia mpaka jeneza likapita. Sina neno juu yao. Waliokosekana walikuwa majirani.

Hilo ndilo ninalotaka kaka zako walielewe. Mgeni hata akiwa na adabu vipi hawezi kuwa jirani, kwa sababu keshokutwa anaondoka. Mtaa unahitaji watu wa kudumu wa kuziba pengo la mwenzao, na kila nyumba inayotolewa nzima inapunguza watu hao. Ni jambo linalokwenda polepole, na mtu haoni mpaka ipatikane siku kama ile.

Na si letu peke yetu. Venice, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, miaka ya 1950 mji wake wa kale ulikuwa na wakaazi zaidi ya laki moja na sabini elfu. Leo hawafiki elfu hamsini. Nyumba zipo, zinapendeza, na kila siku zinapigwa picha, lakini aliyezaliwa pale anaishi ng'ambo, bara. Mwaka 2021 serikali yao ilizuia meli kubwa za kitalii zisipite katikati ya mji, na mwaka 2024 mji ukaanza kuwatoza yuro 5 wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano. Watu waliendelea kuja na wakaazi hawakurudi. Barcelona nako, Julai 2024, wenyeji waliandamana wakawarushia watalii maji kwa bastola za watoto. Mimi sikufurahia kuona vile, mgeni hafanyiwi hivyo. Lakini hasira zao nilizielewa niliposoma maneno ya meya wao, Jaume Collboni: kodi za nyumba zimepanda asilimia 68 katika miaka kumi. Yeye ameamua kwamba leseni za nyumba za kukodishwa watalii, ambazo zinapita elfu kumi, zitakwisha Novemba 2028 na hazitaongezwa muda. Amsterdam wamepitisha kwamba hoteli mpya haijengwi mpaka nyengine ifungwe. Miji yote hiyo ilishtuka nyumba zimeshatoka. Karibu yetu zaidi, uliza watu wa Lamu habari za kijiji chao cha Shela, nani sasa wenye zile nyumba nzuri za mbele.

Lakini nisimdhulumu mtalii. Wewe na mimi tumekulia katika mji unaoporomoka. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, wakatiwa watu wengi ndani yake bila pesa ya matengenezo, na kila masika ilikuwa lazima ukuta uanguke mahali. Ni pesa za wageni zilizozisimamisha nyingi ya nyumba hizi, na UNESCO isingetuandika mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia kama zingekuwa vifusi. Mdogo wangu anakula kwa kazi ya hoteli. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nataka mwenyeji apone. Sasa shangazi akishahamishiwa Tomondo, atakayepona pale ni nani?

Nilikwenda kumtazama Ijumaa. Hakulalamika, unamjua. Aliniuliza tu kama Tomondo kuna darsa la wanawake karibu, na nani atamletea mkate wa asubuhi. Kisha akanionesha samadari ya bibi yenu, kile kitanda kikubwa, akasema amepima kwa kamba, haipiti mlango wa chumba alichojengewa. Nilikaa naye mpaka magharibi.

Kuna na habari ya nyumba yenyewe. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na udongo, juu chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, boriti haifiki mbali. Wazee choo na maji waliviweka mahali pamoja wakavitenga. Yule bwana atataka kila chumba kiwe na bafu lake, maana mgeni hakubali pungufu ya hapo. Mabomba yatapitishwa ndani ya kuta, tangi litawekwa juu ya paa, sakafu zitamwagwa saruji. Maji yakivuja ndani ya ukuta wa chokaa hayaonekani. Boriti inaoza kwenye kichwa chake, ndani ya ukuta, na saruji inauziba unyevu usitoke. Beit al-Ajaib, jumba la 1883, tuliliona lilivyoanguka upande Desemba 2020. Halikuwa hoteli, sisemi hivyo, lakini kama jumba la Sultani liliweza kulala chini mchana kweupe, la babu yenu halitavumilia mabafu manane. Miaka ishirini ikimalizika mtarudishiwa kuta za aina gani?

Na maji utayatoa wapi? Sisi huku tunaamka usiku kukinga. Utafiti wa 2012 katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulikuta mtalii mmoja anatumia takriban mara kumi na sita ya maji anayotumia mwanakijiji. Huko pwani ya mashariki visima vikivutwa sana vinaingia chumvi, na wanaokunywa hiyo chumvi si walioko hotelini.

Mwambie kaka mkubwa akumbuke pia karafuu, yeye ni Mpemba hahitaji kusomeshwa. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikapanda za kwake, bei ikaanguka, na waliokuwa wamejenga kwa kutegemea mavuno yajayo wakabaki na misingi. Utalii tumeuona vivyo hivyo Machi 2020 ndege ziliposimama. Hoteli zikafungwa ndani ya wiki chache tu, na vijana wetu wakarudi kwa wazazi wao kula. Mpangaji wa aina hii mambo yakiharibika anaondoka, nyinyi mtabaki na nyumba iliyopasuliwa na shangazi aliyekwishahamishwa.

Kwa hivyo shauri langu ni hili. Wakitaka kukodisha, wakodishe ghorofa mbili za juu kwa miaka mitano, na ikimalizika mkae upya. Chini na uwa abaki shangazi, na maji yake yawe na mita yake. Kwenye mkataba iandikwe kwamba ukuta hautiwi saruji, ni chokaa tu, na mabafu hayazidi mawili kila ghorofa, yakae juu ya pale pa zamani. Yule bwana hapangishi mtu mwengine bila nyinyi kukubali. Baraza la nje halifungwi wala haliwekwi meza. Kodi ilipwe hata miezi ya masika wageni wakiwa hawapo. Kabla ya kugonga msumari wowote awe na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe na leseni ya Kamisheni ya Utalii, na nakala mpewe. Akikataa masharti haya mtajua alichokuwa akikitaka. Na akikataa kabisa, kuna mwalimu wa kike hapa na watoto wake watatu anatafuta vyumba viwili mjini tangu mfungo sita. Pesa zake ni kidogo, lakini shangazi atapata mtu wa kumjibu usiku akiita.

Habari za wanaopima viwanja huko kwenu, pwani ya Vumawimbi, nimezisikia na mimi, ila siwezi kuzieleza kwa barua hii. Nataka uende mwenyewe Kidike ukawaulize wale wanakijiji wanaolinda popo namna wanavyogawana kiingilio cha wageni. Pale mgeni anakuja, anaona, analipa, anaondoka, na kijiji bado ni chao. Ukipata maelezo yao niandikie.

Nakala ya mkataba nitumie kabla ya mtu yeyote kuutia saini, hata kama kaka zako watakwambia ni karatasi ya kawaida. Ami yangu alikuwa karani wa mahakama, ataupitia mstari kwa mstari, nimeshazungumza naye. Na kama unaweza kuja mwenyewe, panda meli ya Alkhamisi ulale kwetu, Ijumaa baada ya sala tumwite yule bwana tukae naye mbele ya shangazi. Mama anakusalimu, na anataka kujua kama karafuu zilizobaki mtaziuza sasa au mtasubiri.

Wako akupendaye,
Somo yako