Kama huisikii setilaiti, usibonyeze kitufe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumze na vijana wanaoanza kutumia redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa mapenzi tu bila malipo, hasa wale waliokwisha kugundua kwamba redio ya mkononi ya wati 5, pamoja na antena iliyoundwa nyumbani kwa vipande vya waya na mpini wa fagio, inatosha kuifikisha sauti kwenye setilaiti na kuishusha Johannesburg au Mauritius. Kuongezeka kwao kunanifurahisha. Ninalotaka kuwaambia ni moja, nalo ni la adabu: asiyeisikia setilaiti asiisemeshe.

Setilaiti tunazozitumia kwa sauti ya FM kwa kawaida zina chaneli moja tu. SO-50, iliyorushwa Desemba 2002, hupokea katika megahezi 145.850 na kurudisha katika 436.795, mtambo wa ridhaa ulio ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupokea katika 145.990 na kurudisha katika 437.800. Kituo hicho kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na eneo linaloweza kukiona kwa wakati mmoja lina upana unaopita kilomita 4,000, kwa hiyo mtu wa Tanga, wa Nairobi, wa Lusaka na wa Antananarivo wote wanagombea mlango huo mmoja kwa dakika zisizozidi kumi au kumi na moja, kisha kituo kinazama. FM nayo haina huruma, kwani mwenye nguvu zaidi humeza sauti ya mwenzake, na wanaposhindana walio sawa hutoka mlio usio na maana kwa yeyote.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilianza vibaya. Mara yangu ya kwanza niliita mfululizo tangu setilaiti ilipochomoza hadi ilipozama, bila kusikia jibu hata moja, nikaingia ndani nikilaumu antena. Siku chache baadaye mwenzangu mmoja wa kusini aliniandikia kwa upole kwamba sauti yangu ilikuwa ikifika barabara, na kwamba watu wanne walikuwa wakinijibu huku mimi nikiwafunika. Aibu ile ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Tatizo langu lilikuwa kusikia, na ndilo tatizo la wengi. Setilaiti inapokuja, mwendo wake hupandisha masafa tunayoyapokea, na inapoondoka huyashusha, kwa 437.800 tofauti hiyo hufika kilohezi 10 hivi kila upande, kwa hiyo anza kusikiliza katika 437.810, ushuke kwa hatua za kilohezi 5 hadi 437.790. Masafa ya kurushia yaache yalivyo, kwa sababu huko tofauti ni kama kilohezi 3 tu, ila usisahau toni ya hezi 67, ile sauti ya chini ambayo redio huiambatanisha na maneno yako, maana bila hiyo mtambo hautakufungulia. Fungua kabisa kile kidhibiti cha kunyamazisha mkwaruzo, uvumilie kelele. Zungusha kiganja chako ili antena ilale au isimame, kwani mara nyingi hapo ndipo sauti inapoibuka. Wenye uwezo watumie redio moja ya kurushia na nyingine ya kupokelea, pamoja na visikizi vya masikioni, ili kila mmoja ajisikie akirudi kutoka juu papo hapo na ajue kama amemwingilia mtu.

Ukishasikia, piga hodi kama ulivyofundishwa nyumbani. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Hasimami mlangoni akipiga kelele mpaka jioni. Subiri pengo, taja alama yako ya wito na gridi yako, yaani herufi na tarakimu za mraba wa ramani ulipo (sisi wa Tanga tuko KI94), kisha nyamaza. Ukijibiwa, pokea alama na gridi ya mwenzako, thibitisha, toa salamu ya 73, ndiyo kwaheri yetu ya redioni, na umpishe mwingine. Habari za hali ya hewa na aina ya redio zina masafa yake mengine. Akitokea aliyesafiri hadi kisiwani kwa siku mbili tu, mpe nafasi yeye, kwa kuwa wewe wa nyumbani utairudia kesho. Na wanafunzi wanapozungumza na wanaanga kupitia ARISS, mpango wa redio za ridhaa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambapo sauti ya wanaanga husikika katika 145.800, kazi yetu ni kusikiliza tu.

Kuhusu nguvu za kurushia nitasema kwa ufupi. Setilaiti ya AO-7 ilirushwa Novemba 1974, ikanyamaza mwaka 1981 betri zake zilipokufa, ikasikika tena Juni 2002, na hadi leo huendeshwa na jua peke yake. Anayeirushia nguvu nyingi huufanya umeme wake mdogo uyumbe, na sauti za watu wote zikayumba pamoja naye. Hata setilaiti ya QO-100, iliyotulia juu ya ikweta katika nyuzi 25.9 mashariki, ambayo sahani zetu huku huitazama karibu utosini, ina sharti kwamba hakuna anayeruhusiwa kusikika kwa nguvu kuliko kinara chake, yaani ishara ya rejea inayorushwa humo.

Najua vijana watasema kwamba wanaovunja adabu zaidi ni sisi wakongwe, na hawakosei. Wapo miongoni mwetu wanaoamkiana na marafiki wale wale kila setilaiti inapopita, huku sauti changa yenye kusitasita ikiomba nafasi mara ya pili na ya tatu bila kupewa. Kwa upande wangu, nikiisikia sauti ya namna hiyo nitairudia alama yake polepole, nitaipa gridi yangu, kisha dakika zitakazobaki nitaiachia.

Wako katika huduma,
Mpenzi wa redio za ridhaa,
Tanga.