VPN haiwezi kuziba midomo ya simu

Mhariri,

Wanaouza VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano ya simu yako kwenye seva (kompyuta) ya kampuni nyingine, hupenda kusema kwamba ukiiwasha tu, huonekani tena mtandaoni. Hapo wanatia chumvi. Kazi ya VPN ni kusimba data (kuifunga isisomeke na wengine) kati ya simu na seva yao, na kuzionyesha tovuti anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya seva hiyo badala ya yako. Kampuni ya simu haioni tena unatembelea tovuti gani. Sasa anayeona ni mwenye VPN. Na kama ni ya bure, jiulize gharama za seva zinalipwa na nini.

Ukishaingia kwenye akaunti yako ya barua pepe, umejitaja mwenyewe. Mtandao wa simu nao unaijua laini yako na namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe yenye tarakimu 15, VPN iwe imewashwa au imezimwa.

Taarifa zako zinapovuja zaidi ni kwenye programu za simu. Kwa Android 12 na kuendelea, fungua Mipangilio, Faragha, kisha Matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo, namba ambayo programu huitumia kukufuatilia kwa ajili ya matangazo (menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu). Programu ya hali ya hewa ipe mahali pa kukadiria tu, si pale hasa ulipo. Tochi haina haja ya kusoma orodha ya majina na namba za simu zako.

Ukibaki na VPN, iweke iwake daima na uzuie miunganisho isiyopitia humo. Bila hivyo, ikikatika kimyakimya simu hurudi njia yake ya kawaida, na IP yako halisi huonekana.

Msomaji wako