Chombo kurudi ni jambo moja, kurushwa tena ni jingine

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la wiki iliyopita, msomaji mmoja aliandika kwamba vyombo vinavyopeleka watu angani, vikarudi na kutumika tena, ni uvumbuzi wa kampuni za miaka hii, na kwamba vile vya Marekani vilivyotangulia, vilivyojulikana kwa jina la Space Shuttle, vilikuwa hasara tupu iliyoishia makumbusho. Naomba nafasi ya kumjibu. Mimi si mtaalamu wa anga. Ni fundi wa malori hapa Malaba, na miaka niliyolala chini ya trela imenionyesha kwamba habari ya kitu kutumika tena huanzia gereji, si barabarani.

Tuanze na hesabu ya safari. Shuttle ya kwanza, Columbia, iliruka tarehe 12 Aprili 1981 ikiwa na watu wawili, John Young na Robert Crippen, na ya mwisho, Atlantis, ilitua tarehe 21 Julai 2011. Katika miaka hiyo 30 vyombo vitano viliruka mara 135, na Discovery peke yake ilikwenda ikarudi mara 39. Kwa hiyo chombo kimoja kubeba watu tena na tena si jambo la juzi. Alipogusa fedha mwandishi huyo alisema kweli, ila hakueleza zilikopotelea.

Mpango huo ulipoidhinishwa na Rais Richard Nixon mwezi Januari 1972, hoja iliyoubeba ilikuwa hoja ya mwenye malori. Roketi za wakati ule zilitumika mara moja tu: sehemu moja ilianguka baharini, nyingine ikaungua ikirudi, na kapsuli iliyorudisha watu ikawekwa kwenye maonyesho. Ni tajiri gani atakayenunua lori, alipakie shehena Mombasa, aishushe Kampala, kisha alitie moto lori lenyewe? Waliopiga hesabu walitarajia safari zaidi ya 50 kwa mwaka, na kwa wingi huo gharama ya kila kilo ingeshuka. Hawakufika hata robo yake: mwaka 1985, uliokuwa na safari nyingi kuliko miaka yote, zilikuwa 9. Ukichukua gharama zote za mradi tangu mwanzo ukazigawanya kwa safari zilizofanyika, kila moja inakaribia dola bilioni moja na nusu.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa kazi ya chini, kati ya safari moja na nyingine. Chukua kigae kimoja. Shuttle ilivishwa vigae vya nyuzi za silika vya kukinga joto, zaidi ya 20,000 kwa chombo kimoja, vyepesi kama gunzi kavu, maana sehemu kubwa ya kigae ni hewa tupu. Fundi aliweza kukitoa kigae kwenye tanuri kikiwa bado chekundu katikati akakishika pembeni kwa vidole vitupu, kwa sababu pembe hupoa mara moja na joto la ndani halina haraka ya kutoka. Ni kitu cha ajabu kwa yeyote aliyewahi kuungua na ekzosi. Lakini karibu kila kigae kilikuwa na umbo lake na namba yake, na kiligandishwa kwa mkono mahali pake. Chombo kilipotua, mafundi walivipitia wakitafuta ufa, mahali palipomeguka na gundi iliyoachia, kisha vikatiwa upya dawa ya kuzuia maji, kwa kuwa ile ya awali iliungua njiani.

Injini kuu tatu nazo ikawa kawaida kuzishusha baada ya safari, kuzipeleka kwenye karakana yake na kuzikagua kabla ya kuzirudisha. Roketi mbili za pembeni zilishuka baharini kwa parachuti, zikavutwa na meli hadi pwani, zikaoshwa chumvi, zikafunguliwa na kujazwa fueli upya. Tangi kubwa la nje, lililobeba haidrojeni na oksijeni za injini kuu, lilitupwa kila safari. Muda mfupi kuliko wote uliopata kupita kati ya chombo kimoja kuruka na kuruka tena ulikuwa siku 54, Atlantis mwaka 1985, na rekodi hiyo haikuvunjwa. Mteja akiniletea lori ambalo kila likitoka Mombasa ni lazima lishushwe injini na kupakwa rangi upya, sitamwambia kwamba lori lake halitembei. Nitamwambia ahesabu siku linazolala hapa kwangu.

Simlaumu fundi wa vigae, nalaumu mchoro. Jeshi la anga la Marekani lilitaka chumba cha mizigo chenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 4.6, pamoja na uwezo wa chombo kupinda mbali kando wakati wa kurudi, na hayo ndiyo yaliyoleta mabawa yale mapana ya pembetatu. Bajeti nayo ilibanwa, na kubanwa huko kukachangia kuchaguliwa kwa roketi za pembeni za fueli ngumu, ambazo zikishawashwa hazizimiki. Likatoka gari moja linalotakiwa kuwa lori, basi na brekidauni, yaani gari la kuwafuata walioharibikiwa njiani, kwa wakati mmoja. Tena Shuttle haikurushwa bila watu: hata ilipokuwa na satelaiti ya biashara tu, ilibidi watu waketi mbele wahatarishe maisha yao kwa ajili ya shehena.

Na watu hao waliketi ubavuni mwa tangi, si juu ya roketi. Kwenye Soyuz ya Warusi, ambayo hutupwa baada ya safari moja na ambayo wengi huiona ya kizamani, kapsuli ya watu hukaa kileleni, na roketi ikiharibika kapsuli hung'olewa ikaenda zake. Hivyo ndivyo walivyonusurika watu wawili Septemba 1983, roketi yao iliposhika moto ingali kwenye mtambo wa kurushia, na wengine wawili Oktoba 2018, roketi ilipoharibika ikiwa njiani. Soyuz nayo imeua, mwaka 1967 na mwaka 1971, kwa hiyo siitakasi. Lakini kwenye Shuttle, tangu zilipokwisha zile safari za majaribio zilizokuwa na viti vya kujirusha kwa watu wawili, hapakuwa na njia yoyote ya kujiokoa katika dakika mbili za mwanzo, roketi za pembeni zikiwa zinawaka.

Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka na watu wote 7 wakafa. Chanzo chake ni kitu ninachokishika kila siku: oringi, ile pete ya kuziba maungio yasivuje. Maungio ya roketi za pembeni yalizibwa kwa oringi za mpira, na usiku ule Florida ilishuka baridi ya kugandisha maji. Mpira ukipoa hukakamaa, na pale maungio yanapopanuka kidogo kwa shinikizo, hauwahi kufuata ili kuziba. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walikuwa wameshauri usiku huo kwamba chombo kisirushwe, wakubwa wao wakautengua ushauri. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa katika tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira ule kwa kibanio, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu mbele ya watu wote, na alipokiachia hakikurudi upesi katika umbo lake.

Niliposoma habari hiyo, baridi siyo iliyonishtua. Kilichonishtua ni kwamba oringi zilizorudi kutoka safari za nyuma zilikwisha kukutwa zimelika kwa moto, na kwa kuwa vyombo vilirudi salama, kulika huko kukaanza kuhesabiwa kuwa jambo la kawaida. Maneno ya namna hiyo nayajua. Dereva mmoja aliniletea lori lililokuwa likivuja oili kwenye habu ya gurudumu la nyuma, na tanboi alikuwa akiifuta kwa kitambaa kila kituo isionekane. Nilipouliza nikajibiwa: "Fundi, hii imekuwa hivi hivi tangu mwaka jana, na hatujalala njiani hata siku moja." Nilipofungua nikakuta sili, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, imekauka kama ganda la muwa na lainingi za breki zimelowa chepechepe. Lori lilikuwa limefika kila mara kwa sababu breki za magurudumu mengine zilibeba kazi, na dereva akadhani ni sili iliyolifikisha.

Miaka 17 baadaye yakawa yale yale. Kipande cha povu la kukinga joto, kisichofika kilo moja, kilibanduka kwenye tangi la nje la Columbia sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kikapiga ukingo wa bawa la kushoto. Povu lilishabanduka mara nyingi katika safari za nyuma na chombo kikarudi. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha chombo kingali angani, na ombi lao likakosa wa kulisimamia. Tarehe 1 Februari 2003, chombo kikirudi, hewa ya moto ikaingia kwenye tundu lile, kikakatika vipande juu ya Texas, na watu 7 wakafa. Feynman alikuwa amekuta wakubwa wakisema uwezekano wa ajali ni moja kwa 100,000, na wahandisi wakisema karibu moja kwa 100. Hesabu ya mwisho ni mbili kwa 135.

Pamoja na hayo siyapokei maneno "hasara tupu". Darubini ya Hubble ilipandishwa na Discovery mwezi Aprili 1990, ikagundulika kwamba kioo chake kimechongwa vibaya kwa kipimo chembamba kuliko unywele, na picha zikatoka zimefifia. Desemba 1993 wanaanga wa Endeavour waliifuata huko huko, wakaishika, wakaifungua na kuitia vifaa vya kusahihisha. Shuttle ziliirudia hadi Mei 2009, na Hubble ingali ikipiga picha. Mwaka 1984 Discovery iliziokota satelaiti mbili zilizopotea njia, ikazileta chini zikakarabatiwe. Ile brekidauni niliyoitania hapo juu ilifanya kazi ambayo hakuna gari jingine lililoiweza kwa ukubwa ule.

Sisi wenyewe tumo. Satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi wetu watatu katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ilirushwa kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa angani kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa. Ilipenyezwa kupitia kilango kidogo cha maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Maabara hiyo, yenye urefu wa mita 11, ilipanda mwaka 2008 ndani ya chumba cha mizigo cha Discovery, chumba kile kile nilichokilalamikia kwa ukubwa. Roketi na chombo cha mizigo vilivyoibeba satelaiti yetu vilikuwa vya kutupwa, ila mlango iliotokea uliletwa na chombo cha kurudi. Jioni kukiwa hakuna mawingu, kituo hicho hupita mara nyingine juu ya foleni ya malori hapa mpakani, kama nyota iendayo kwa dakika chache, na sijawahi kumwonyesha dereva akaamini kwamba mle ndani mna watu.

Atlantis ilipotua mwaka 2011, Marekani ilikaa hadi Mei 2020 ikinunua viti kwenye Soyuz. Chombo kilichomaliza hali hiyo, Crew Dragon ya kampuni ya SpaceX, kiliongozwa katika safari yake ya kwanza ya watu na Doug Hurley, aliyekuwa rubani wa safari ile ya mwisho ya Atlantis. Ukikitazama unaona nini kilichokubaliwa kuachwa: mabawa hakuna, chumba kikubwa cha mizigo hakuna, watu wamerudishwa kileleni na injini za kujiokoa ziko ubavuni mwao. Kapsuli hutua baharini kwa parachuti, ikatengenezwa na kurushwa tena. Sehemu ya chini ya roketi hurudi ikatua wima, na baadhi zimeruka zaidi ya mara 20, lakini ya juu hutupwa kila safari. Ndiyo kusema hawa walifika bei ya chini kwa kutolazimisha kila kitu kirudi, na kwa kutowapandisha watu pale penye shehena tu.

Na makumbusho aliyoyataja mwandishi huyo hayakupata vyote. Tarehe 16 Novemba 2022, siku tisa baada ya satelaiti yetu kupaa, roketi ya Artemis I iliondoka kuelekea Mwezini ikisukumwa na injini nne zilizotoka kwenye Shuttle, kila moja ikiwa imesharuka, ikashushwa, ikakaguliwa na kurudishwa mara kadhaa. Safari hii zilifanya kazi kama dakika nane, kisha zikaachwa zitumbukie baharini. Roketi inayoruka mara chache hailipi gharama ya kuziokoa injini zake, na sina hoja ya kuipinga hesabu hiyo. Ila mimi nimekesha mara nyingi nikiipigania injini moja ya lori kuukuu isiuzwe chuma chakavu, na picha ya zile nne zikizama bado hainitoki.

Wako,
Fundi wa malori,
Malaba, Wilaya ya Tororo