Baba hakukosea saa

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, na kila anayetumwa kwako anarudi na salamu tupu. Basi naandika hapa, maana najua utasoma, hata kama ni kwa simu ya mwenzio. Wengine watakaopita watuwie radhi. Ni ya nyumbani haya, ila mna habari za maji ambazo kila mwenye chombo zinamhusu.

Kukwama na dau la harusi sikulaumu. Ghuba ya Chwaka imekwamisha manahodha waliozaliwa ndani ya dau. Kinachonikaa rohoni ni lile neno. Umesimama juu ya mchanga, upondo mkononi, bibi harusi kajifunika buibui gubigubi kwa jua, Mama yuko tezini na sahani za watu mapajani, nawe ukasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Hesabu hii kanifundisha Mzee." Baba alikuwa hajatimiza miezi mitatu kaburini. Watu ishirini na wawili walisikia. Mama alisikia, akainamisha kichwa, na mpaka leo hajalitaja.

Baba hakukufundisha hesabu ile. Ilitoka kwenye simu yako, na hata simu haikukosea. Iliandika hivi: kujaa 04:10, kupwa 10:20, kujaa 16:35, kupwa 22:45. Wewe ukaisoma 04:10 kuwa ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Ile ni saa kumi na dakika kumi, alfajiri, watu hawajaamka kuswali. Saa nne yetu kwenye simu huandikwa 10, na hapo palikuwa pameandikwa kupwa.

Tazama ubaya wa kosa hili. Kati ya saa ya simu na saa yetu kuna tofauti ya saa sita. Kati ya maji kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika kumi na mbili hivi. Kwa hiyo anayechanganya saa hizi mbili hakosei kidogo: anageuza kujaa kuwa kupwa. Kosa la saa tatu lingekupa maji nusu, ungepita ukikwaruza. Na hilo la saa tatu nalo lipo, maana baadhi ya majedwali hutumia saa ya Greenwich na huku kwetu ni lazima uongeze saa tatu. Soma juu ya jedwali limeandikwa saa ya wapi na bandari ipi, kabla hujaangalia namba hata moja.

Lakini ungeweza kulijua kosa bila ya kuisoma simu upya. Harusi ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na bamvua la pwani yetu hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Huwa hivyo kila bamvua, mwaka mzima. Mtu akikwambia kuna bamvua limejaa saa nne asubuhi hapa Unguja, mwambie arudi akasome tena.

Sababu yake ni hii. Mwezi huvuta maji yaliyo upande wake zaidi kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma. Bahari inavimba pande mbili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili. Dunia hujizungusha kwa saa 24, ila mwezi nao haukukaa ukingoja, umesogea kwenye njia yake. Mahali petu panahitaji kama dakika 50 zaidi ili paufikie tena, na ndipo maji yanapochelewa kila siku. Hizo 50 ni wastani. Wakati wa bamvua huchelewa dakika 40 hivi, wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hupita hata saa nzima. Ukiongeza 50 kila siku bila kuangalia mwezi uko wapi, baada ya siku chache umeshapotea.

Jua nalo linavuta. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya mwezi, lakini liko mbali karibu mara 390, na nguvu hii ya kuvimbisha maji hupungua kwa kasi sana umbali ukizidi: ukienda mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Mwisho wa hesabu jua linapata chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukipevuka, vyote viwili viko kwenye mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa, ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta ubavuni, linapunguza kazi ya mwezi, ndiyo maji mafu. Bamvua letu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na makubwa hukaribia mita 4. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Makubwa kabisa yatazamie mwezi wa Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya Ikweta, hasa ikisadifu mwezi uko karibu na dunia, kilomita 363,000 hivi badala ya 405,000. Na kilele cha bamvua hakiji siku ileile ya mwezi mpevu, huja siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo siku ya pili ya harusi mngekwama vibaya zaidi.

Sasa saa yenyewe ya kukwama. Maji hayashuki sawasawa. Yagawe mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua la mita 3.6: ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Mliondoka saa mbili asubuhi. Wewe ulidhani mna saa mbili za maji yanayokuja. Kumbe yalikuwa saa ya nne tangu kujaa, inamalizika, maji yakikimbia kwa nguvu zake zote. Dau lile likijaa watu linataka sentimita 80, na pale penye kizingiti cha mchanga maji ya kupwa kabisa hayabakishi kitu. Saa mbili na nusu mkagusa, na msingeelea tena kabla ya saa sita mchana. Hesabu hiyo Baba aliifanya kwa vidole, amekaa barazani.

Na kabla hata ya hesabu, kuna kijiti. Chomeka kijiti ukingoni, weka alama penye maji, vuta dakika kumi. Katika saa ya nne maji ya siku ile yalishuka sentimita 15 kila dakika kumi. Kingekwambia kabla nanga haijang'oka. Hukuchomeka.

Wifi yangu, mkeo, asingekosea. Waulize wanawake wanaolima mwani. Wanafunga kamba bamvua likipwa, miguu ikiwa ndani ya maji ya magoti, na wanavuna baada ya wiki sita, yaani bamvua la tatu baada ya lile la kupandia. Hawana jedwali. Wanatazama mwezi jioni na kujua kesho washuke pwani saa ngapi. Nawe siku ile uliambiwa na mwanamke pale pale ufukweni kwamba maji yanatoka, ukamjibu bahari si shamba la mwani. Sitamtaja, unamjua.

Mimi sikukunyima dau kwa choyo, kama unavyowaambia watu huko. Chombo ni cha urithi, fungu lako lipo na halijaguswa. Nilichozuia ni mashine ya dau, na nilizuia kwa sababu mwenye kumtupia marehemu kosa lake atalitupa tena, safari ijayo kwa abiria. Mchanga wa Chwaka ni mpole, unakaa ukangoja. Mlango wa mwambani, pale chombo kinapopita kati ya miamba, maji yakiwa saa ya tatu au ya nne, na upepo ukiyapinga, haukungojei. Jedwali halijui upepo. Upepo wa kutoka baharini ukivuma siku kadhaa husukuma maji pwani kwetu na yakapita namba zilizoandikwa. Nani angenielewa ningekupa mashine, kisha likatokea jambo? Ungekuwa wewe ungempa mtu kama huyo? Mama alinyamaza nilipoizuia, nami nikadhani kunyamaza kwake ni kukubali. Pengine nilikosea hapo. Lakini angesema chochote ningemsikiliza.

Bado unapenda samaki wa kupaka wa Mama, najua. Anakubakishia kipande kila Ijumaa, halafu kinaliwa na paka.

Mashine iko ukumbini, imefunikwa gunia, plagi zimebadilishwa. Mwezi ukiandama, siku ya kwanza maji yatajaa alasiri, kwenye saa kumi na moja hivi. Ukitoka Michamvi saa tisa na nusu utakuja na maji na utapita kila mahali bila upondo. Njoo ukae na Mama kwanza, umwambie lile neno lilitoka wapi. Mimi nitakuwa pwani.