Mizani ya bucha ina muhuri, mashine ya presha je?

Ndugu Mhariri,

Nyumbani kwangu kulikuwa na ndizi mzuzu ambayo presha yake ni 118 kwa 76, na moyo wake unapiga mara 74 kwa dakika. Aliyesema hivyo ni saa ya mjukuu wangu.

Kijana alikuja nayo likizo ya Desemba. Saa ya mkononi ya shilingi 35,000, kioo cheusi, kamba ya mpira. Inahesabu hatua, inapima mapigo, presha na eti hata sukari. Sasa mimi ni fundi saa. Nimekaa kwenye kibanda changu hapa Tanga miaka 41, lenzi jichoni, mpaka macho yalipokataa, na kazi ile ilinizoesha kutoamini saa yoyote kabla sijailinganisha na nyingine. Kijana alipokwenda kuoga nikaiokota mezani, nikaifunga kwenye ndizi. Taa yake ya kijani ikawaka, ikafikiri kidogo, ikatoa majibu. Nikaihamishia kwenye muhogo: 121 kwa 79. Kwenye mguu wa meza ikagoma. Labda meza ilikwisha kufariki.

Mjukuu alipotoka bafuni alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza, maana anasoma utabibu mwaka wa pili. Ile taa inamulika ngozi, damu inaufyonza mwanga kidogo zaidi kila moyo unapoisukuma, na programu inatafuta mdundo katika mwanga unaorudi. Ndizi haina mdundo, lakini programu imeamriwa kutafuta, basi inatafuta mpaka inapata. Hizo namba za presha ni makisio juu ya makisio. Bibi yake naye aliivaa akikuna nazi mbili, ikamhesabia hatua 640 bila kuinuka kwenye mbuzi. Kuhusu sukari, kijana akanionyesha kwamba Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitegemee saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi.

Ndizi ni kichekesho tu. Kilichonikalisha kuandika kilianza mwaka juzi kwenye duka la dawa moja hapa mjini.

Nilikuwa nimetoka soko la Mgandini kwa miguu, kapu la samaki mkononi, jua la saa saba. Nikaona wameandika wanapima presha. Binti akanipima nimesimama, mkanda juu ya mkono wa kanzu, mkono unaning'inia, huku akiniuliza nina miaka mingapi na ninakaa barabara ya ngapi, na mimi namjibu. Mashine ikasoma 172 kwa 98. Akatikisa kichwa kama aliyeona maiti, akanitolea vidonge vya mwezi mzima. Nikalipa. Usiku sikulala, nasikiliza moyo.

Asubuhi nikaenda kliniki. Daktari hakuniambia nimeze wala nisimeze. Aliniuliza kama nina mashine nyumbani. Mwanangu yuko Muscat, akaninunulia ile ya kufunga mkono wa juu. Daktari akanipa masharti: nikae dakika tano kimya kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, mkono wazi uliolazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, nusu saa nzima bila kahawa. Nipime mara mbili nikiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, siku saba. Siku ya kwanza nitupe namba zake, zilizobaki nigawe nipate wastani.

Mhariri, kumpa fundi saa kazi kama hiyo ni kumpa mtoto haluwa. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikachora mistari.

Namba 24 za siku sita zilinipa wastani wa 137 kwa 84. Kwa kipimo cha nyumbani, mstari wenyewe ni 135 kwa 85, wakati kliniki wanatumia 140 kwa 90. Namba yangu ya juu, ile inayotajwa kwanza, imevuka. Kwa hiyo presha ninayo, nisieleweke vibaya. Ninameza kidonge kimoja kila asubuhi hadi leo. Ila 137 si 172.

Wiki ya pili nikaanza utundu. Saa ya kutia ufunguo, ukiilaza chali inakwenda hivi, ukiisimamisha wima inakwenda vile. Saa ileile, springi ileile. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu huipima katika mikao yote kabla ya kumrudishia mwenyewe. Nikajiuliza: je, mimi? Nikaanza kujipima katika mikao. Nimekaa sawasawa, namba ya juu 138. Nimekunja nne, 144. Mkono umelegea ubavuni, 147. Nikiwa namwambia mke wangu apunguze sauti ya redio, 150. Nimebanwa haja ndogo, 151. Baada ya vikombe vitatu vya kahawa chungu barazani, 146. Kila mkao nimeurudia siku tano na kuchukua namba ya katikati, maana kipimo kimoja hakisemi kitu. Nilitaka pia kuifungua mashine nione pampu yake, lakini bisibisi zangu zimefichwa na ninamjua aliyezificha.

Mjukuu aliposoma kaunta buku hakucheka. Alinitafutia kwenye simu utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa Oktoba 2024. Walipima watu 133: mkono ukiwekwa pajani namba ya juu inapanda karibu 4, ukining'inia inapanda karibu 6 na nusu. Sababu haina uchawi. Damu ni maji, na maji yaliyo chini yanabeba uzito wa yaliyo juu yake. Kila sentimita kumi mkono unaposhuka chini ya moyo, mashine inasoma kama 7 zaidi. Jumlisha mkono, maneno, kutembea juani na kapu la samaki, uone kama hupati 172 yangu.

Lakini mimi hasara yangu ilikuwa pesa za vidonge vya mwezi mmoja tu. Mke wangu ndiye aliyeumia.

Yeye alikuwa na vidonge vya aina mbili kwa mwaka mzima, na kila akiinuka alfajiri kwenye mswala anashika ukuta, kizunguzungu. Tukasema ni uzee. Siku moja namfunga mkanda wa mashine yangu, unafika kwa shida, ile gundi ya kitambaa inalia kra-kra kila pampu inapojaa. Nikausoma pembeni: umeandikwa 22–32. Nikachukua tepu ya fundi cherehani, nikampima katikati ya mkono wa juu: sentimita 37. Nikakaa chini. Miaka yote ya kubadilisha kamba za saa za watu, ya mke wangu sikuwahi kuitazama.

Mkanda mpana, wa 32–42, haukupatikana Tanga katika maduka manne niliyouliza. Uliletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Kwa mkanda mwembamba wastani wake ulikuwa 149 kwa 90, kwa mpana 137 kwa 83. Wenzetu wa Johns Hopkins waliliona hili nalo, mwaka 2023: waliohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, wakipimwa kwa ule wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa karibu 20. Tulipeleka mkanda na kaunta buku kliniki. Daktari akampima upya kwa mkanda wetu, mara tatu, siku tatu tofauti, ndipo akamwondolea kidonge kimoja. Daktari ndiye aliyeondoa, narudia, maana nina sababu ya kurudia.

Nilianza kujisifu. Barazani, kahawa mkononi, nikawaambia wazee wenzangu kuwa mashine za presha zinadanganya, na habari ya ndizi nikaipamba. Walicheka sana. Mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, hakucheka. Alikwenda kwake akaweka vidonge vyake juu ya kabati na kuviacha huko, wala hakuwa na mashine ya kujipimia. Baada ya wiki tatu binti yake alimkuta analalamika kichwa na jicho moja linaona ukungu. Hospitali wakampima amelala, kwa utaratibu, mkanda sahihi: 208 kwa 116. Amepona, alhamdulillahi, anatembea. Nilipokwenda kumwangalia na machungwa, mkewe aliyapokea mlangoni na hakunikaribisha ndani. Alikuwa na haki. Hadithi niliyoisema ilikuwa nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo yenye dawa.

Kwa hiyo siku hizi nikisimulia ninaanzia kwenye kidonge changu mwenyewe.

Chumvi nayo tumeijaribu. Tuliandika tarehe kwenye pakiti ya nusu kilo siku tulipoifungua. Tuko wanne. Ikaisha siku ya 14, yaani karibu gramu 9 kwa kila mmoja kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linataka tusifike 5, kama kijiko kimoja cha chai. Tukahamia kwenye ndimu, ukwaju na pilipili. Pakiti ya tatu ilikaa siku 23. Usitupigie makofi, mkate wa dukani na ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, hatukuvihesabu. Na maharage bila chumvi ya kutosha ni adhabu, nisiwafiche wasomaji.

Sasa ombi langu. Nikienda bucha, mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nikipita kituo cha mafuta, pampu ina stika. Muuza nyama akinipunja robo, nimekosa robo ya nyama. Mashine ya presha ikinizidishia 20, ninameza kidonge nisichokihitaji mpaka nianguke msalani. Ikinipunguzia 20, naachwa niendelee kula ng'onda mpaka nipooze. Katika maduka ya dawa yote niliyopimwa, nimegeuza mashine juu chini nikitafuta muhuri au stika ya tarehe ya ukaguzi. Wauzaji wananitazama kama mwizi. Sijaiona hata moja.

Najua vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na sina shaka wanajua mashine ipi imeruhusiwa kuingia nchini. Ninachouliza ni habari ya mashine hiyohiyo ikishakaa mezani miaka mitano, mpira umepauka, imeanguka sakafuni mara tatu na betri zake zinapashwa moto juani ili zimalizie wiki. Saa iliyopata misukosuko hiyo mimi nisingeirudisha mkononi mwa mtu bila kuilinganisha. TMDA na Wakala wa Vipimo wakae meza moja waamue nani anabandika stika yenye tarehe, nasi wateja tutajifunza kuiangalia kama tunavyoangalia tarehe kwenye maziwa.

Anayepima watu kwa malipo awe na mikanda miwili, mwembamba na mpana, na kiti. Kiti chenye mgongo hakiagizwi ng'ambo, mafundi wapo hapa Ngamiani. Na kwenye kadi au karatasi wanayokupa, mbali na namba, waandike: amekaa au amesimama, mkono upi, mkanda upi, saa ngapi. Ni maneno manne tu. Daktari atakayeisoma kesho atajua anasoma nini.

Nawe Mhariri usicheke, zamu yako imefika. Ukurasa wako wa afya umetuambia tupime presha mara kwa mara, na mimi nimekata vipande vinne vya mwaka jana ninavyo humu kwenye kaunta buku. Hakuna hata kimoja kilichosema namna ya kukaa. Chapa mchoro: mtu, kiti, meza, mkono usawa wa moyo, nyayo chini, mdomo umefungwa. Chapa mkubwa, wa kubandikwa ukutani, maana wenye presha wengi ni wenye macho kama yangu.

Ndizi tuliipika kwa nazi kabla haijaiva sana, na saa imerudi chuoni na mwenyewe. Akitaka mwandishi wako kuja kupimwa, mimi nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Mikanda ipo miwili, kiti kipo. Aje ameshakwenda haja, na dakika tano za kwanza asinisemeshe.

Fundi Saa Mstaafu,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.