Risala ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Kisauni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi: assalaam alaykum, na hamjambo.

Mheshimiwa, karibu Kisauni. Tunajua una shughuli nyingi, kwa hivyo historia tutaipitia mbio: shule ilianza chini ya makuti, ikapata mawe, ikapata mabati, leo ina stima. Mafanikio ni mengi mno. Lango limepakwa rangi. Kwaya ilifika mashindano ya kaunti ndogo ikashika nafasi ya nne, nafasi ambayo shule nyingi zinaitamani. Miarobaini tuliyopanda imeshika, isipokuwa ile iliyoliwa na mbuzi.

Sasa tuje kwenye shida yetu, nayo ni moja: watoto wamezidi vyumba.

Mwaka 2009 Mombasa ilihesabiwa watu 939,370. Mwaka 2019 walikuwa 1,208,333, na karibu robo yao, watu 291,930, ni wa Kisauni. Hata hesabu hiyo tunaishuku kwa upande wa watoto. Sensa humhesabu mtu pale alipolala, na usiku ule wa Agosti shule zilikuwa zimefungwa. Likizo kama hiyo watoto wetu huwa kwa nyanya zao Kilifi na Kwale.

Tumewahi kujibiwa papa hapa kwamba dawa ni wazazi kupunguza kuzaa. Kwa heshima zote, wameshapunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Lakini mabinti waliozaliwa enzi za wingi ndio akina mama wa leo, nao ni wengi. Wengine wanahamia huku kwa kuwa kodi ya nyumba kisiwani Mombasa haishikiki. Juu ya hayo, tangu 2023 Gredi ya 7, kisha ya 8 na ya 9, zimewekwa katika shule za msingi. Vyumba ni vile vile.

Chumba cha mita 7.5 kwa 5.85 kimekusudiwa watoto 40, wawili kila dawati. Hapa wanabanana wanne, wa ukingoni anaandikia gotini, na mwalimu hapati njia ya kufika nyuma kusahihisha.

Mheshimiwa, ule msingi ulioupita ukiingia ni wa ghorofa ya vyumba sita. Ulizinduliwa kwa utepe na ngoma, na mgeni wa siku hiyo aliahidi watoto wangeingia muhula uliofuata. Hakusema wa mwaka gani. Nondo za nguzo zimeachwa kwenye upepo wa chumvi hadi zinabambuka magamba ya kutu, na haziwezi kujengewa vivi hivi.

Tunaomba mhandisi wa serikali azipime unene. Zilizolika zikatwe hadi kwenye chuma kizima, na nondo mpya zilazwe sambamba na za zamani zifungwe, zisiunganishwe ncha kwa ncha. Makadirio yataje mchanga wa mto na boza la maji matamu. Fundi wa bei rahisi atachota mchanga wa pwani na maji ya kisima chetu, ambayo ni ya chumvi. Kutu itaanzia ndani ya zege, isionekane mpaka slabu ipasuke. Na ikiwa pesa zitakuja kwa awamu, kila awamu iishie kwenye zege lililomwagwa, nondo zinazobaki nje zipakwe uji wa saruji na kufunikwa.

Tulipoenda kaunti tuliambiwa fungu lao ni chekechea, shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Ni kweli, ndivyo Katiba ya 2010 ilivyogawa. Ndiyo sababu tumekualika wewe.

Nakala yako ya risala hii ina nafasi ya sahihi na ya tarehe ya kuanza kazi. Mgeni aliyetangulia tulimpa isiyokuwa nayo.

Ni sisi,
Kamati ya Wazazi