Tumbo la hedhi au mimba? Kabla ya dawa, tupe tarehe

"Dada, nipe ya tumbo." Tunaisikia kila wiki hapa dirishani pa duka letu la dawa, mara nyingi kwa sauti ya chini, mkono umeshika kiuno. Nasi kabla ya kugusa kabati tunauliza: mara ya mwisho uliona siku zako lini? Wapo wanaodhani tunawachimba. La hasha. Tumbo la hedhi na tumbo la mimba changa hufanana mno, na kwa kusikiliza maumivu peke yake hata sisi hatuwezi kuyatofautisha.

Tumbo la hedhi lina mazoea yake. Kuta za mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mfuko ili damu itoke. Zikizidi, hubana kwa nguvu, na wengine huharisha au kutapika siku hiyo ya kwanza. Maumivu huanza damu inapokaribia au inapoanza, kisha hupoa ndani ya siku mbili tatu. Ibuprofeni hupunguza prostaglandini hizo, kwa hiyo imeze mapema, umeshakula, usingoje hadi ujikunje kitandani. Mwenye vidonda vya tumbo atuambie, hiyo si dawa yake. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga nayo inasaidia kweli.

Mimba je? Yai lililorutubishwa hujishikiza kwenye mfuko wa uzazi siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kutoka, yaani karibu na wakati uleule unaozisubiri siku zako. Hapo wengine husikia tumbo likivuta kidogo na kuona matone ya waridi au ya kahawia. Mteja wetu mmoja aliyahesabu matone hayo kuwa ni hedhi, akaja kuongeza dawa ya maumivu. Tulipomuuliza ametumia pedi ngapi, akacheka: pakiti ya nane, katoa moja tu. Alipopima, mistari miwili. Matiti kuuma hakukuambii kitu, maana huuma kabla ya hedhi pia.

Kipimo cha mkojo kinaaminika kuanzia siku ya kwanza hedhi inapopitiliza. Tumia mkojo wa asubuhi, usichovye kupita alama, na soma jibu ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili hata ukiwa hafifu unahesabika, lakini uliojitokeza baada ya saa nzima usiuamini. Ukikuta mmoja na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki. Aliyemeza P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mwezi huo asibabaike siku zikiwahi au zikichelewa. Apime wiki tatu baada ya tendo. Na kama una wasiwasi wa mimba, ibuprofeni na diklofenaki ziache kwanza, tutakupa parasetamo.

Kuna tumbo ambalo hatuliuzii kidonge hata ukigomba. Siku zimepita, maumivu yamekaa upande mmoja, unasikia kizunguzungu au ncha ya bega inauma bila kuumia popote. Hiyo huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija wa uzazi. Mrija ukipasuka damu humwagika ndani, hata kama kwenye pedi unaona kidogo tu. Hapo tunakuitia bajaji uende hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.

Na wewe ambaye tumbo linazidi mwaka hadi mwaka, unakosa kazi kila mwezi, au unabadilisha pedi kila saa, usiendelee kuwa mteja wetu wa vidonge. Muone daktari akuangalie kizazi.

Vipimo vya mimba vipo, tunakufungia kwenye karatasi, hakuna atakayejua ulichobeba. Ukitaka kuongea kwa utulivu, njoo asubuhi kabla watu hawajajaa, na uje na tarehe yako.